Mguu Uliovunjika Usingoje Asubuhi

Mazungumzo ya Ofisa wa Uhusiano wa Umma wa Polisi na wachezaji, wazee na akina mama wa Nhica do Rovuma, kabla ya kuanza kwa mechi za vijana



Najua kwamba gari la polisi likisimama chini ya mkorosho, watu huanza kuulizana nani amekosa nini. Leo hakuna aliyekosa. Sikuja kuzungumzia vitambulisho wala wageni wasiojulikana. Hayo yana siku zake. Nimekuja kuzungumzia magoti, vifundo vya miguu, mabega na mifupa. Kijana mmoja pale nyuma amecheka, na namwelewa: polisi na mifupa, wapi na wapi? Nitamjibu. Mchezaji akianguka uwanjani asiinuke, mambo mawili huja mlangoni kwetu baadaye. La kwanza ni ugomvi wa ndugu wa pande mbili. La pili ni majeruhi aliyecheleweshwa. Yote mawili yanazuilika, na yote mawili yanatuhusu.

Mimi si daktari. Ninayoyasema nimeyapata katika mafunzo ya huduma ya kwanza na kwa watumishi wa afya niliofanya nao kazi. Palipo na mtaalamu, msikilizeni yeye kabla yangu.

Mnakumbuka jinsi tulivyotawanyika. Baada ya mashambulizi ya mjini Palma ya tarehe 24 Machi 2021, watu wa ukanda huu walikwenda kila upande: Mueda, Nangade, Quitunda, Pemba, na wako waliotazama ng'ambo ya Rovuma kwa jamaa zao wa upande wa Mtwara. Aliyerudi, amerudi na kile kilichobaki. Kwa hiyo nikiona vijana wanagombania kiwanja jioni, mimi hufurahi, maana kiwanja hakigombaniwi katika kijiji kilichokufa. Lakini familia iliyoanza upya na jembe moja na baiskeli moja, mguu wa kijana wake wa miaka kumi na minane ni mali kubwa kuliko jembe na baiskeli. Ndio unaolima, ndio unaobeba maji, ndio utakaomlisha mama uzeeni. Mguu huo ukipotea kwa sababu ya mchezo wa jioni moja, hasara hiyo haina wa kuilipa.

Nitawasimulia kisa kimoja. Jina la kijana na la kijiji nayasitiri, kwa kuwa familia ile ina haki ya kuachwa na utulivu wake. Yatosha kusema kwamba ni katika wilaya nyingine niliyowahi kupangiwa kazi. Kijana alipigwa teke la muundi katika kugombania mpira. Mfupa ukavunjika, lakini ngozi haikupasuka, damu haikuonekana. Wenzake wakambeba hadi nyumbani. Mzee mmoja mwenye nia njema akaunyoosha mguu, akauzungushia fito za mwanzi, kisha akaukaza kwa mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, kuanzia gotini hadi kwenye kifundo, akauvuta kwa nguvu zake zote ili mfupa usicheze. Usiku ule kijana alilia. Akaambiwa ajikaze, yeye ni mwanamume. Akapewa vidonge. Usiku wa pili akalia zaidi, kisha karibu na alfajiri akanyamaza, na watu wa nyumba ile wakamshukuru Mungu kwamba maumivu yamepungua. Kumbe mguu ulikuwa umeacha kuhisi. Siku ya tatu vidole vilikuwa vya baridi na vimebadilika rangi. Hospitalini hapakuwa na la kuokoa. Mguu ulikatwa chini ya goti. Na mfupa wenyewe, kwa maneno ya mpasuaji aliyemhudumia, ulikuwa wa kuwekewa plasta na kurudi nyumbani.

Kwa nini hawakumpeleka usiku ule wa kwanza? Niliwauliza. Baba alisema: usiku njiani kuna vizuizi, tuliogopa tutadhaniwa watu wabaya. Mjomba alisema: tulikuwa tunangoja upande wa pili walete fedha za safari, kwa kuwa mtoto wao ndiye aliyempiga teke. Na upande wa pili walikuwa wamejificha, wakihofia kukamatwa. Basi mguu ule haukuuawa na teke. Uliuawa na kamba, na hofu, na mabishano. Hayo matatu ndiyo yaliyonileta hapa.

Nianze na kamba. Misuli ya mguu chini ya goti, na ya mkono chini ya kiwiko, imefungwa ndani ya mifuko ya utando mgumu usiotanuka. Mfupa ukivunjika, damu humwagika ndani ya mifuko hiyo na misuli huvimba. Utando hautanuki, kwa hiyo shinikizo hupanda, na likipanda sana, damu mpya haiwezi tena kuingia. Ukifunga kamba kwa nje, umeongeza ukuta wa pili juu ya ukuta wa kwanza. Misuli iliyokosa damu huanza kufa katika muda wa saa sita hivi. Saa sita ni kutoka mwisho wa mechi hadi usiku wa manane. Ndiyo maana maneno “tungoje kupambazuke” yanaweza kuwa hukumu.

Dalili zake mzijue, hasa akina mama, maana ninyi ndio mnaokesha na mgonjwa. Maumivu yanazidi badala ya kupungua, tena makali kuliko yanavyostahili jeraha lenyewe, wala vidonge haviyatulizi. Ukikinyoosha kidole gumba cha mguu kwa upole, mgonjwa anapiga kelele. Nyama ya mguu ni ngumu kama ubao. Vidole vinawasha, vinachomachoma kama vimekaliwa, kisha vinakufa ganzi. Msingoje baridi wala weusi. Hizo ni dalili za mwisho, zikija mmechelewa. Zikionekana dalili za kwanza, fungueni kila kitu kilichofungwa, kamba, bendeji na kitambaa, laini au kigumu, mlaze mguu usawa wa mwili, na safari ianze saa ileile.

Je, tusifunge kabisa? La, fungeni, ila kwa adabu. Mguu uliovunjika hutakiwa utulizwe pale ulipo, si kunyooshwa. Msiuvute, msiupindue, msimwambie mgonjwa ajaribu kuusimamia. Tafuteni fito mbili au vipande viwili vya mwanzi vyenye urefu wa kuvuka kiungo cha juu na kiungo cha chini ya pale palipovunjika: muundi ukivunjika, gango lishike goti na kifundo pia. Katikati ya ngozi na mti wekeni kitambaa laini. Kisha fungeni kwa vipande vipana vya kapulana, si kwa kamba ya katani, si kwa waya, si kwa mpira wa baiskeli, na msifunge juu ya mahali penyewe palipovunjika. Kidole chako kiweze kupita chini ya kila fundo. Kama hamna fito, mguu mzima ulio kando yake ni gango zuri: wekeni kitambaa katikati, fungeni miguu miwili pamoja. Mkono uliovunjika utulie kifuani kwa kitambaa cha kuning'inizia shingoni.

Baada ya kufunga, bonyeza ukucha wa kidole cha mgonjwa hadi uwe mweupe, kisha achia. Rangi irudi kabla hujamaliza kusema “moja, mbili”. Muulize kama anahisi unapomgusa, na kama anaweza kuchezesha vidole. Rudieni hivyo kila nusu saa, njiani pia. Hii haihitaji mashine wala diploma.

Mfupa ukitokeza nje, au pakiwa na jeraha juu ya pale palipovunjika, msiurudishe ndani. Funikeni kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji safi, mkandamize kando kama damu inatoka kwa wingi, basi. Nimekwisha kuona jivu, kahawa, dawa ya meno na udongo vimepakwa juu ya majeraha ya namna hiyo. Kila kimoja huingiza uchafu ndani ya mfupa, na mfupa ukishaoza ndani hutoa usaha kwa miaka. Mgonjwa huyu anahitaji sindano ya pepopunda na dawa za kuua vijidudu mapema iwezekanavyo. Yeye kabisa hawezi kungoja.

Sasa naomba radhi kwa wazee, maana huenda mmoja wenu ameanza kusema moyoni: huyu mtoto wa serikali amekuja kutudharau, sisi tuliounga mifupa kabla hajazaliwa. Hapana, mzee wangu. Nasema kwa heshima, na nitawapa ushahidi. Huko Uingereza, katika karne ya 19, alikuwako daktari aliyeitwa Hugh Owen Thomas, aliyefanya kazi Liverpool. Ukoo wake wa Wales ulikuwa wa waunga mifupa wa jadi. Baba yake mzazi aliunga mifupa bila kusoma udaktari hata siku moja. Mtoto akapelekwa shule, akachukua ujuzi wa ukoo akautia ndani ya elimu ya hospitali, akabuni gango la chuma la kutuliza mguu mzima kuanzia nyongani. Alipokwisha kufa, ikaja Vita Kuu ya Kwanza, vile vile ambavyo Wajerumani walivuka Rovuma pale Negomano mwezi Novemba 1917. Kule Ulaya, askari waliovunjika paja kwa risasi walikuwa wakifa karibu 80 kwa kila 100. Gango la Thomas lilipoanza kufungwa palepale kwenye uwanja wa vita, kabla ya safari, pamoja na upasuaji bora, vifo vikashuka hadi chini ya 20. Wanaomwita Thomas mmoja wa baba wa tiba ya mifupa hawakumwonea haya babu yake.

Ninachowaomba wazee wetu ni kitu cha namna hiyo. Kazi yenu ya kutuliza, kufariji na kufunga gango iendelee, kwa kuwa ninyi mko karibu na daktari yuko mbali. Lakini kuvuta mfupa ambao haujapigwa picha, kuchua mahali palipovimba siku ya kwanza, na kukaza kamba, hayo yaacheni. Mzee atakayemtuma mgonjwa hospitalini akiwa amefungwa vizuri, mimi nitamtaja kwa sifa mbele ya watu.

Na msiogope kwamba hospitalini hamtamkuta profesa. Tangu 1984 nchi yetu imekuwa ikiwafundisha mafundi wa upasuaji, watu ambao si madaktari kwa cheo lakini wamefunzwa kupasua, na ndio walioshika sehemu kubwa ya upasuaji katika hospitali za vijijini. Ikiwa kazi ni kubwa kuliko uwezo wa hospitali ya karibu, mgonjwa hupelekwa Pemba, na mambo mazito zaidi hufika Hospitali Kuu ya Nampula. Mlango ni wa kwanza mtakaoufikia. Wao ndio watakaojua pa kumpeleka baadaye.

Nimefika kwenye hofu, na hapa nasema kama polisi.

Mkiwa na majeruhi usiku, msijitose barabarani kimyakimya, wala msijifungie ndani mkingoja jogoo. Njooni kwanza kituoni, au kwa kiongozi wa kijiji atakayetufikishia. Semeni nani ameumia, ameumiaje, anapelekwa wapi, na ni nani wanaofuatana naye. Sisi tutawasiliana na wenzetu walioko njiani. Mkikaribia kizuizi, punguzeni mwendo mkiwa mbali, zimeni taa kali, kama ni gari washeni taa ya ndani, mikono ionekane, na mmoja tu azungumze. Msifunike uso wa mgonjwa. Nguo iliyofunika mtu mzima ndani ya gari usiku humtia askari wasiwasi, na askari mwenye wasiwasi hupoteza wakati wenu. Watu wawili wa kumsindikiza wanatosha. Kijiji kizima kikimfuata, hata kwa mapenzi, kinaonekana kama jambo jingine.

Na lingine, ambalo wengine hawapendi lisemwe hadharani. Kupita na mgonjwa hakuna ada. Si maji ya kunywa, si vocha, si kuku. Yeyote atakayewadai kitu, shikeni saa, mahali na sura, mpelekeni mgonjwa kwanza, kisha mje kwangu. Sitawauliza kwa nini mmesema.

Siwezi kuwaahidi kwamba kila usiku njia itakuwa salama; ningekuwa muongo, nanyi mnaijua njia hiyo kuliko mimi. Tukiona haipitiki, tutawaambia ukweli huo, na tutatafuta namna. Kwa usiku wa namna hiyo ndipo kulegeza fundo na kubonyeza ukucha kila nusu saa kunapoweza kuuhifadhi mguu mpaka kutakapopambazuka. Lakini uamuzi huo tuufanye pamoja, si ninyi peke yenu gizani kwa kutuogopa.

Kuhusu chombo cha safari: mguu uliovunjika haupandi pikipiki ukining'inia. Nimeona kijana amekaa katikati ya dereva na kaka yake, mguu unapigapiga kila shimo. Mfupa uliokuwa umefunikwa ukachana ngozi njiani. Kitanda cha kamba ni machela nzuri kabisa, mlango uliong'olewa pia. Aliyeanguka kwa shingo au mgongo, akalalamika ganzi au udhaifu wa miguu, asikalishwe na asiinuliwe kwa kwapa. Kichwa kishikwe kilingane na mwili, watu wanne wamgeuze kwa pamoja kama gogo moja, alazwe juu ya ubao. Na msimshindilie chakula njiani. Huenda atahitaji dawa ya usingizi, na tumbo lililojaa ni hatari. Maji kidogo ya kulowesha koo yanatosha.

Mabishano nitayamaliza kwa ufupi. Kuumizana katika kugombania mpira ni ajali ya mchezo. Peke yake si jinai, na hatumkamati mtu kwa rafu. Anayempiga mwenzake ngumi baada ya filimbi, au anayemvizia kumvunja kwa kusudi, huyo ni habari nyingine. Mkiwa na dai la fidia, lina wazee wake na lina ofisi zake, na litasikilizwa vilevile wiki ijayo. Mguu hauna wiki ijayo. Nawaomba manahodha mkubaliane leo, kabla ya mechi ya kwanza: kila timu itoe kidogo katika mfuko mmoja wa safari ya majeruhi, wa timu yoyote, bila kuuliza nani alianza. Na kwa wanaotibiwa kwa jamaa zao upande wa Tanzania, kumbukeni kwamba huko aliyejeruhiwa huweza kuulizwa karatasi ya polisi iitwayo PF3. Ndugu mmoja aifuate kituoni wakati wengine wanaelekea hospitali, ili mgonjwa asikwame mlangoni.

Si kila anayeanguka amevunjika, nalo ni jambo la kushukuru. Jeraha la kawaida kabisa la uwanja wa mchanga kama wetu ni kuteguka kifundo: mguu unapinduka kwa ndani, kano za upande wa nje zinachanika kidogo au sana. Mtajuaje kama ni kano tu au ni mfupa, nasi hapa hatuna picha ya kupiga? Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, Kanada, walitoa kanuni nyepesi inayotumika duniani hadi leo. Mgonjwa ambaye hawezi kupiga hatua nne, hata kwa kuchechemea, akapigwe picha. Vilevile anayepiga kelele ukimbonyeza juu ya mfupa wenyewe, nyuma ya vile vinundu viwili vya kifundo, kushoto na kulia. Anayeweza hatua zake nne, na mfupa hauumi kwa kubonyezwa, kuna uwezekano mdogo sana kwamba amevunjika.

Huyo apumzike, mguu uinuliwe juu ya mto, awekewe ubaridi. Barafu hatuna, ila kitambaa kilichochovywa katika maji ya mtungi ni ubaridi wa kutosha: dakika 15 hadi 20, kila baada ya saa mbili au tatu, kwa siku mbili za kwanza. Maji ya moto, kuchua kwa mafuta na pombe viwe mbali siku hizo, kwa kuwa vinaongeza damu inayomwagika ndani. Najua kuchua ni desturi na kunaonekana kuleta nafuu. Kunaleta uvimbe. Uvimbe ukishatulia, aanze kukanyaga polepole. Na ajizoeze kusimama kwa mguu mmoja, hata akipiga mswaki, mpaka kifundo kirudi kuwa na akili yake. Anayerudi uwanjani kifundo bado kinayumba hutegua tena palepale, na mwaka ukiisha huita ile “ugonjwa wangu”.

Bega lililochomoka, msilirudishe uwanjani kwa kuweka kisigino kwapani na kuvuta. Nimeona likifanyika huku watu wanashangilia. Mshipa wa fahamu unapita palepale, na pengine kichwa cha mfupa nacho kimevunjika.

Goti ni habari ndefu. Kijana akikimbia, akageuka ghafla, akasikia kitu kimelia ndani, na goti likavimba kabla ya isha, mchezo wake umekwisha kwa msimu huo, hata kama kesho anaweza kutembea. Huenda kano ya katikati ya goti imekatika. Goti la namna hiyo humdanganya mwenyewe: linatembea vizuri njia iliyonyooka, kisha linamtupa anapogeuka, na kila linapomtupa linakwangua gegedu la ndani. Wasichana wanaocheza hupatwa na jeraha hili mara mbili au zaidi kuliko wavulana. Sisemi hivyo ili wakatazwe. Maria Mutola, aliyetuletea medali ya dhahabu ya mita 800 kutoka Sydney mwaka 2000, alianza kwa kucheza mpira na wavulana mitaani. Nasema ili wafundishwe kutua kwa magoti yaliyokunjwa, si yaliyonyooka kama vijiti.

Mtaniambia: mbona Eusébio, mtoto wa Mafalala, alicheza na magoti mabovu? Ni kweli, na goti lake la kushoto lilipasuliwa mara kadhaa. Lakini yeye alikuwa na wapasuaji wa Lisbon mlangoni. Wengine watanitajia John Stephen Akhwari, Mtanzania wa mbio za marathoni za Mexico City mwaka 1968, aliyeanguka, akaumia goti na bega, akafungwa bendeji, akamaliza wa mwisho usiku umekwisha kuingia, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Mimi namheshimu sana mzee huyo. Ila wanaomsimulia huacha mambo mawili. Alihudumiwa kwanza, ndipo akaendelea. Na baadaye alijitunza, kwa kuwa mwaka 1970 kule Edinburgh alishika nafasi ya tano katika marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Hakuumalizia mguu wake katika mechi ya kugombania mbuzi. Kocha anayemchoma mchezaji sindano ya kutuliza maumivu ili arudi kipindi cha pili amezima kengele tu. Nyumba bado inaungua.

Kinga haina gharama. Shirikisho la mpira duniani lina mazoezi ya kupasha mwili ya dakika 20 hivi: kukimbia taratibu, kuruka na kutua, kusimama mguu mmoja, kuimarisha mapaja na tumbo. Timu zilizoyafanya angalau mara mbili kwa wiki zilionekana kupunguza majeruhi kwa kiasi cha theluthi moja au zaidi. Hayahitaji kifaa. Yanahitaji kocha asiyechelewa. Viatu, najua, havitoshi. Wawili wanagawana jozi, mmoja kulia mmoja kushoto. Kinachoniudhi si umaskini huo, bali yule mwenye kiatu kimoja kumkabili asiye na chochote. Kubalianeni: ama wote wavae, ama wote wavue.

Kabla ya kila mechi, wachezaji wa pande zote mbili wapange mstari mmoja wauvuke uwanja polepole wakitazama chini: visiki vya mikorosho, mashimo ya panya, vioo. Milingoti ya goli ichimbiwe chini kwa kina, na watoto wasining'inie. Mlingoti ukianguka kichwani ni jambo la mara moja. Na mpira ukienda kwenye pori lisilokanyagwa au ndani ya nyumba iliyoachwa tangu vita, uacheni. Mpira mwingine utashonwa. Mkiona chuma au kifurushi msichokijua, msikiguse, msikirushie jiwe, wekeni alama kwa mbali na mtuite.

Aliyewekewa plasta asiitoe kwa panga kwa sababu inawasha. Muundi wa mtu mzima huchukua miezi mitatu au minne kushikana; mkono wa mtoto ni wiki chache tu. Sigara huchelewesha mfupa kuunga, hilo wakubwa mlisikie pia. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maharage na jua la asubuhi vinasaidia, na vyote viko hapa.

Nimesema vya kutosha, na maneno hayafungi mguu. Naomba vijana wawili waje mbele, mmoja alale hapa awe majeruhi. Mama mmoja atuazime kapulana mbili. Mzee wangu uliyekaa karibu na shina, wewe ndiwe ninayekutaka ufunge fundo la kwanza, nami nitapitisha kidole chini yake tuone kama kinapita.